UZI: Bakteria wa udongoni wanaotupatia antibayotiki, na akiba iliyofichuliwa na jenomu zao

Kijiko_cha_Udongo

Wakuu, salamu kwenu.

Hili jambo limenikaa moyoni miaka mingi, leo naliandikia uzi. Ile harufu inayopanda mvua inapoangukia ardhi iliyokauka, sehemu yake kubwa ni kazi ya bakteria. Molekuli yenyewe inaitwa jeosmini, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa ni sehemu chache tu katika trilioni. Wanaoitoa kwa wingi ni jamii ya Streptomyces. Hao hao ndio waliotupatia streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Ukiwajumlisha na ndugu zao wa kundi la aktinomaiseti, takriban theluthi mbili ya antibayotiki za asili zinazotumika hospitalini zimetoka kwao.

Hoja yangu ni moja. Ilifika wakati watafiti wakaamini udongo umekwisha, kwamba kila ukichota unapata dawa zile zile zilizokwisha kujulikana. Jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, zilipoanza kusomwa, tukagundua kwamba hata bakteria tuliokaa nao mezani nusu karne hatukuwa tukiwajua.

Nianze na sura yao, maana ukiwaona huwasahau. Ukiotesha Streptomyces kwenye sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, siku mbili za kwanza unaona vidoa vigumu vilivyong'ang'ania agari. Ukijaribu kukidokoa kidoa kwa kitanzi cha waya, kinang'oka kizima pamoja na kipande cha agari, kwa sababu chini yake ametandaza nyuzi kama kuvu. Siku ya tatu au ya nne juu kunaota manyoya meupe. Hizo ni nyuzi zinazopanda hewani, na baadaye zinakatika vipande vipande kuwa spora, yaani mbegu zake, manyoya yakageuka kijivu. Streptomyces coelicolor yeye huongeza jambo: anatoa rangi ya buluu inayoenea kwenye agari, na wakati mwingine matone ya buluu yanakaa juu ya kidoa kama umande. Buluu hiyo ni antibayotiki, jina lake aktinorodini. Idondoshee asidi kidogo, inageuka nyekundu mbele ya macho yako.

Angalieni na wakati anaochagua kuitoa. Chakula kikiisha, bakteria huyu huanza kuzivunjavunja nyuzi zake za chini ili zilishe zile zinazopanda juu kuzaa spora. Hapo ndipo panapokuwa na karamu ambayo kila jirani angependa kuivamia, na hapo ndipo antibayotiki inapomwagwa. Analinda chakula ambacho ni mwili wake mwenyewe.

Nitaendelea na jenomu. Karibuni kwa maswali.

---

Swali_Fupi

Mkuu, mimi najua antibayotiki ya kwanza ni penisilini ya Fleming, 1928. Hiyo nayo ni ya hawa?

---

Kijiko_cha_Udongo

Hapana mkuu. Penisilini inatoka kwa Penicillium, ambaye ni ukungu, yaani kuvu kamili mwenye kiini cha seli. Streptomyces ni bakteria, nyuzi zake tu ndizo zinazomfanya afanane na kuvu. Jina lenyewe limejengwa na neno la Kigiriki la kuvu, maana waliomwona mwanzo walichanganyikiwa.

---

Mzee_Darubini

Ahsante kwa uzi huu, mwanangu. Naomba niweke historia kidogo, kwa sababu kuna watu wawili ambao kila mara wanasahauliwa.

Streptomaisini ilipatikana 1943 katika maabara ya Selman Waksman, Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey. Lakini mikono iliyoipata ni ya kijana aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa, Albert Schatz, akifanya kazi kwenye chumba cha chini ya jengo. Alipata aina mbili za Streptomyces griseus: moja kutoka kwenye udongo wenye samadi, nyingine kutoka kooni mwa kuku. Makala ya kuitangaza ilitoka 1944 ikiwa na majina matatu kwa mpangilio huu: Schatz, Elizabeth Bugie, Waksman. Tuzo ya Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake. Schatz alikuwa ameshakwenda mahakamani 1950 kudai haki yake, akatambuliwa kisheria kuwa mgunduzi mwenza. Bugie, ambaye jina lake lilikuwa la pili kwenye makala ile, hakuwekwa hata kwenye hataza. Linaniuma mpaka leo.

Tujue pia uzito wa kitu chenyewe. Kabla ya hapo kifua kikuu hakikuwa na dawa ya kukiua. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa 1948, wagonjwa 55 walipewa streptomaisini na 52 wakapewa mapumziko ya kitandani tu. Baada ya miezi sita, waliopata dawa walikuwa wamefariki 4, na wenzao 14. Ila jaribio hilo hilo lilionyesha usugu ukiibuka kwa wengi waliokuwa wakitumia dawa hiyo peke yake. Furaha na onyo vilifika siku moja.

---

Kijiko_cha_Udongo

Shikamoo mzee, na ahsante sana kwa kumtaja Bugie.

Baada ya hapo dunia nzima ikawa inachimba. Makampuni yaliwaomba wasafiri, wamisionari na madaktari wawaletee udongo. Erithromaisini ilitoka kwenye udongo wa Iloilo, Ufilipino, uliotumwa na daktari Abelardo Aguilar 1949. Vankomaisini ilitoka Borneo. Kloramfenikoli, Venezuela. Rapamaisini, ambayo leo husaidia mwili usikatae figo iliyopandikizwa, ilitoka kwenye udongo uliochukuliwa 1964 Kisiwa cha Pasaka, na jina lake limetokana na Rapa Nui, jina la wenyeji la kisiwa hicho. Daptomaisini inatoka kwa bakteria aliyeokotwa Mlima Ararati. Avamektini, mama wa ivamektini, dawa ya minyoo, ilipatikana Japani na Satoshi Ōmura, kwenye udongo wa karibu na uwanja wa gofu. Yeye alishiriki Nobel ya 2015.

Halafu kisima kikaanza kukauka. Unachota, unaotesha, unapima, unapata streptomaisini tena. Unarudia, unapata tetrasaiklini tena. Gharama ikazidi faida, maabara nyingi za makampuni zikafunga kazi hiyo.

Sasa jenomu. Mwaka 2002 jenomu ya Streptomyces coelicolor ilichapishwa na timu ya Kituo cha John Innes cha Norwich, Uingereza, ambako David Hopwood alikuwa ameutumia uhai wake wa kisayansi kumchunguza bakteria huyu mmoja, pamoja na Taasisi ya Sanger. Kromosomu, yaani uzi wake wa DNA, ina jozi za besi (herufi za DNA) 8,667,507 na jeni zilizokadiriwa 7,825. Wekeni kando ya E. coli, bakteria wa utumboni, mwenye jozi milioni 4.6 na jeni kama 4,300. Bakteria wa kifua kikuu ana jozi milioni 4.4. Huyu wa udongoni ana karibu mara mbili ya kila mmoja wao, ilhali binadamu mwenyewe ana jeni za kutengeneza protini kama 20,000 tu.

Kitu kilichonifanya nisilale siku ile nilipoisoma ni hiki: coelicolor alikuwa akijulikana kutengeneza antibayotiki nne, na jeni za mojawapo, methilenomaisini, ziko kwenye plasmidi, kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu. Wasomaji wa jenomu walipohesabu vikundi vya jeni za kutengenezea molekuli za namna hiyo, walikuta zaidi ya 20. Mwaka uliofuata jenomu kamili ya Streptomyces avermitilis, yule wa Ōmura, ilionyesha picha ile ile.

Nieleze "kikundi cha jeni", maana ndicho moyo wa mambo. Jeni zinazoshirikiana kutengeneza antibayotiki moja hukaa pamoja, zimepangana kama vyumba vya nyumba moja: za kuunganisha, za kupamba, ya kuitoa nje ya seli, ya kuamuru kazi ianze, na ya kumlinda mwenye nyumba asiuawe na sumu yake. Ukimpata mmoja, wenzake wako ukutani mwa jirani. Ndiyo maana kompyuta inaweza kuvitafuta. Programu ya antiSMASH, iliyotoka 2011, unaipa jenomu na yenyewe inakuonyesha vikundi viko wapi na vinafanana na nini. Ni ya bure, mtu yeyote mwenye intaneti anaitumia.

---

Nusu_Jenomu

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya kusoma na kuunganisha jenomu, na nataka niwaambie mahali panapouma.

Jenomu za hawa viumbe, kama 72 kati ya kila herufi 100 ni G au C (herufi za DNA ni nne: A, T, G na C). Jozi hizo zimeshikana kwa nguvu kuliko A na T, kwa hiyo hata kunakili kipande kwa PCR, njia ya kuzidisha DNA maabara, kunasumbua: DNA haifunguki vizuri, inajikunja. Tunaongeza kemikali ya DMSO kidogo, tunapandisha joto, tunaomba Mungu.

Lakini hilo dogo. Mchukulieni erithromaisini. Kiunzi chake kinatengenezwa na protini tatu kubwa mno, na ndani yake mna vituo sita. Kila kituo kinapokea mnyororo kutoka kwa mwenzake, kinaongeza kipande kimoja chenye atomu chache za kaboni, kinakirekebisha, kinaupokeza mbele. Kituo cha mwisho kinaufunga kuwa pete yenye atomu 14. Mtu ukisoma mpangilio wa vituo kwenye DNA, unaweza kutabiri umbo la molekuli kabla hujaiona. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii.

Tatizo sasa: vituo hivyo sita vinafanana sana kiherufi. Ukisoma jenomu kwa mashine ya vipande vifupi, vya herufi 150 hivi, kompyuta haijui kipande hiki ni cha kituo cha pili au cha tano, inavirundika pamoja. Mara ya kwanza nilipounganisha jenomu ya bakteria wetu mmoja nilipata vipande zaidi ya 300, na karibu kila kikundi kikubwa kilikuwa kimekatikia katikati, pale pale nilipokuwa napataka. Niliandika ripoti kwamba ana vikundi 40 na kitu. Tuliporudia kwa mashine ya vipande virefu, vya maelfu ya herufi, ikatoka kromosomu moja nzima, na vikundi vikashuka hadi 28. Vingine vyote vilikuwa nusu nusu za nyumba moja zilizohesabiwa mara mbili. Kwa hiyo mtu akikuletea idadi ya vikundi, muulize kwanza jenomu imekatika vipande vingapi.

---

Kijiko_cha_Udongo

Dada, umesema kitu ambacho makala nyingi hukiruka. Niongeze tu kwamba kromosomu yenyewe si duara kama ya bakteria wengi. Ni mstari wenye ncha mbili. Jeni za lazima kwa uhai zimekaa katikati, na mikononi, kuelekea ncha, ndiko kuna vitu vinavyobadilika sana toka aina moja hadi nyingine, vikiwemo vikundi vingi vya antibayotiki. Mikono hiyo hukatika kirahisi. Utafiti wa 2020 kwa coelicolor ulionyesha kwamba ndani ya kidoa kimoja kuna seli zinazopoteza vipande vikubwa vya kromosomu, haziwezi tena kuzaa vizuri, lakini zinatoa antibayotiki nyingi kuliko wenzao. Yaani kundi lina wazazi na lina walinzi, na mlinzi ametoa uzao wake ili wengine wakae salama.

---

Swali_Fupi

Samahani wakuu, hapo nimepotea. Kama vikundi zaidi ya 20 vipo, kwa nini kwenye sahani tunaona dawa nne tu? Hizo nyingine ziko wapi?

---

Kijiko_cha_Udongo

Swali lako ndilo linaloajiri nusu ya watu wa fani hii, mkuu. Zimenyamaza. Jeni ipo, haisomwi. Bakteria hana sababu ya kutumia nguvu kutengeneza silaha kwenye sahani yenye chakula tele na isiyo na adui. Akiba haiozi, anaiacha.

Nikupe mfano mmoja wa namna kufuli linavyofanya kazi, ambao kwangu ni mzuri kuliko yote. DNA yao ikiwa na G na C kiasi kile, neno la herufi tatu TTA, linaloagiza lusini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, ni adimu sana. Katika jeni zaidi ya 7,800 za coelicolor, liko kwenye jeni kama 145. Na RNA inayolisoma neno hilo ni moja tu, inatoka kwenye jeni iitwayo bldA. Ukiiharibu bldA, bakteria anaendelea kuishi na kukua, lakini anabaki kipara: manyoya meupe hayaoti, na buluu haitoki. Sababu ni kwamba jeni inayoamuru aktinorodini itengenezwe ina neno hilo la TTA ndani yake. Neno moja adimu limegeuzwa ufunguo wa utu uzima.

Njia za kuziamsha ni nyingi na hakuna inayofaa kwa wote. Unambadilishia chakula. Unamwotesha karibu na bakteria mwingine, wachokozane. Unamharibia jeni inayokandamiza. Au unakihamisha kikundi kizima hadi kwa Streptomyces mwingine aliye mtulivu, uone atatengeneza nini.

---

Dozi_Kamili

Mimi si mwanasayansi. Niliwahi kuugua kifua kikuu, nikameza dawa miezi sita, mojawapo rifampisini. Siku ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya chungwa nikashtuka, muuguzi akanituliza kwamba ni dawa. Leo nasoma hapa na kujiuliza: hiyo nayo ni ya udongoni? Na kama bakteria wa udongoni ndio wenye dawa, kwa nini wadudu wa magonjwa wanakuwa sugu haraka hivi?

---

Kijiko_cha_Udongo

Pole sana kwa uliyopitia, na hongera kwa kumaliza dozi. Ndiyo, rifampisini imetengenezwa kutokana na rifamaisini, ya bakteria aitwaye Amycolatopsis, ndugu wa Streptomyces, aliyepatikana kwenye udongo wa Ufaransa 1957.

Kuhusu usugu, rudi kwenye ile nyumba ya jeni. Chumba kimoja ni cha kumlinda mwenyewe. Anayetengeneza erithromaisini hubandika alama ya kikemikali kwenye ribosomu zake, mashine za kutengenezea protini, ili dawa isishike. Anayetengeneza streptomaisini huifunga fosfeti isiweze kufanya kazi ndani yake. Kwa hiyo usugu ni mkongwe sawa na dawa, wamezaliwa pamoja. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada walichukua aina 480 za bakteria wa udongoni watoao spora, wakawajaribu kwa dawa 21. Kwa wastani kila aina ilihimili dawa saba au nane, na hakuna dawa hata moja iliyowashinda wote. Mwaka 2011 wakapata jeni za usugu kwenye udongo ulioganda tangu miaka 30,000 iliyopita, zikiwemo za kuhimili vankomaisini. Hapo hospitali bado haijafikiriwa.

Jeni hizo husafiri kutoka bakteria hadi bakteria. Sisi tunapozitumia dawa ovyo, tunampa nafasi yule aliyezipata. Kwa kifua kikuu chako njia ni nyingine: bakteria yule hubadilika herufi moja moja ndani ya jeni zake mwenyewe, ndiyo maana unapewa dawa kadhaa kwa pamoja, ili anayeponyoka moja anaswe na nyingine.

---

Mkono_Mchafu

Wakuu, kwa maelezo haya basi udongo ukiupaka kwenye kidonda unasaidia?

---

Mzee_Darubini

Hapana, tafadhali. Udongo huo huo una spora za bakteria wa pepopunda. Kiasi cha antibayotiki kilicho kwenye udongo ni kidogo mno na hukijui ni kipi. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, upate chanjo ya pepopunda.

---

Nusu_Jenomu

Naunga mkono mzee.

Kuna upande mwingine haujaguswa: wale wasioota kabisa. Bakteria wengi mno wa udongoni ukiwaweka kwenye agari hawakui. Makadirio ya kawaida ni kwamba anayekubali ni kama mmoja katika mia. Kwa hao kumekuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuwapeleka nyumbani kwao. Timu ya Kim Lewis na Slava Epstein, Chuo Kikuu cha Northeastern, walitengeneza kibao chenye vitundu vidogo sana, bakteria mmoja mmoja akiingia kitundu chake, kikafunikwa kwa utando unaopitisha virutubishi, kikafukiwa kwenye udongo ule ule. Humo akapatikana Eleftheria terrae na dawa yake teiksobaktini, iliyotangazwa 2015.

Ya pili ni kumwacha bakteria kabisa na kuchukua DNA. Kundi la Sean Brady, Chuo Kikuu cha Rockefeller, walitoa DNA moja kwa moja kutoka kwenye sampuli za udongo zaidi ya elfu mbili, wakatafuta jeni zinazofanana na za dawa zinazohitaji kalsiamu, wakazihamishia kwa Streptomyces albus. Zikatoka malasidini, 2018, zilizosafisha vidonda vya panya vyenye staphylococcus sugu. Bakteria aliyezimiliki jeni hizo hakuwahi kuoteshwa.

---

Swali_Fupi

Ya mwisho kwangu. Ile harufu ya mvua, bakteria anafaidika nini nayo? Au ni uchafu tu?

---

Kijiko_cha_Udongo

Hapo nako jenomu ilisaidia. Baada ya ile ya 2002 kusomwa, watafiti walichagua jeni moja waliyoishuku, wakaifuta kwa coelicolor, na 2003 wakatangaza kwamba jeosmini haikutengenezwa tena. Kwa hiyo wangeweza kulinganisha mwenye harufu na asiye nayo. Utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba harufu inawavuta kolembola, vijidudu vidogo vya udongoni vinavyoruka kwa mkia. Wanakuja kula nyuzi, spora zinawaganda mwilini na nyingine zinapita tumboni zikiwa hai, wanaondoka nazo. Na jeosmini hutengenezwa wakati ule ule spora zinapotengenezwa. Anamwita mbebaji akiwa tayari kusafiri.

Jana jioni nimeweka sahani mbili. Kwenye moja coelicolor yuko peke yake. Kwenye nyingine nimemchorea mstari wa Bacillus subtilis, bakteria mwingine wa udongoni, sentimita moja pembeni. Ziko kwenye nyuzi joto 30. Asubuhi hii zote mbili ni vidoa tu, havijaota manyoya, na buluu bado. Siku ya nne nitarudi hapa na kuwaeleza kama rangi imeanzia upande wa jirani.